Ule mluzi wa dirishani umeisha jamani

Gari yangu ikigonga spidi 80 tu, mlango wa dereva unaanza fiiiii, mpaka redio huisikii. Nishaambiwa beringi, nishaambiwa tairi, kila mtu fundi.

Leo fundi mwenyewe hata spana hakushika. Katoa noti ya buku, kaibana mlangoni, akaivuta.
Chini ikagoma.
Akapanda nayo hadi juu, kona ya nyuma ya kioo, ikateleza ikatoka kiulaini kabisa!

Kumbe raba ya mlango imelala hapo, upepo unapita. Kaitoa kaisafisha, kachomeka kamrija kembamba ndani yake ijae, kapaka silikoni kidogo basi.

Nimepiga nayo Morogoro Road jioni hii, kimyaaa, sasa ndo nasikia dashibodi inavyogonga 😂

Nyie zenu zinalia wapi?