Doti ya vigae: kumbukumbu ya mradi wangu wa harusi, Tanga

Mchoro

Binti wa dada yangu anaolewa, na nimeshamwambia kwamba kwangu asitegemee seti ya vyombo. Namtengenezea mozaiki, picha ya vipande vya vigae, itakayobandikwa na wageni wake. Kazi za namna hii nimeziona: mgeni anapewa ubao mtupu na vipande vya kila rangi, mwisho panatoka mchanganyiko usiosomeka. Mimi nataka kitu ambacho mtu wa Pwani akikitupia jicho tu anakijua. Kwa hiyo nachora kanga.

Kanga imekwishajigawa: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Mji na jina nitabandika mwenyewe nyumbani, pindo ni la wageni. Na kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, nafanya mbao mbili zinazofanana, moja iende kwa wanawake ndani, nyingine kwa wanaume barazani. Ningefanya mmoja, nusu ya ukoo usingeugusa.

Kanga ni kama mita moja na nusu kwa mita moja, basi kila ubao ni sentimita 90 kwa 60, plaiwudi ya milimita 18. Nyembamba zaidi ya hapo ingepinda ikishabeba vigae. Pindo lina upana wa sentimita 10. Kwa vipande vya sentimita 2, na nafasi ya milimita 2 kati yao, linameza vipande 530 hivi. Kila mgeni akipewa vitatu, ubao mmoja unatosha watu 170 na zaidi kidogo. Katikati nimeweka korosho mbili zinazotazamana.

Jina limetuletea mjadala. Da mkubwa alitaka msemo mrefu, nikamwonyesha kwa rula: mji una sentimita 70, na herufi ya vigae isipopata sentimita 5 haisomeki. Tumekubaliana TUOMBEANE HERI. Ukihesabu na nafasi ya katikati, ni 14 kamili.

Vipande

Vigae vingi nimevipata kwa mafundi, mabaki ya kazi za majumbani ambayo vinginevyo yangetupwa. Lakini korosho nimetaka ziwe za ukoo, nikaomba kila nyumba inipe chombo kilichopasuka. Vimekuja visahani vya kahawa, bakuli la maua ya buluu la marehemu shangazi, na sinia la udongo lililovunjika mwaka aliozaliwa bibi harusi. Hili bakuli la buluu nililikata mwenyewe polepole kwa koleo ya vigae, nikihakikisha kila ua linabaki na angalau jani moja.

Kubandika vyombo ukutani si jambo geni kwetu. Nenda Tongoni, kusini mwa mji kwa njia ya Pangani, utazame yale makaburi ya nguzo karibu na magofu ya msikiti. Kuna mashimo ya mviringo yalimokaa mabakuli ya kigeni yaliyoshikizwa kwa chokaa karne nyingi zilizopita. Mabakuli yenyewe mengi yameshang'olewa, alama zimebaki. Bibi yetu alipinga: ya makaburini yasiletwe harusini. Nikamkumbusha zidaka, vile vishubaka vya ukutani katika nyumba za mawe, mlimopangwa sahani nzuri kwa ajili ya wageni. Akanyamaza, kisha akanitumia kikombe chake.

Kingo zote nimezisugua kwa jiwe la kunolea, maana watoto watazishika. Ukataji ni wangu peke yangu, na miwani ya kukinga macho.

Usiku wa hina

Gundi ni ile nyeupe ya mbao. Ya saruji hushika vizuri zaidi, lakini inachafua, na huwezi kumkalisha mtu aliyevaa dira la hariri mbele ya ndoo ya saruji. Gundi nyeupe haivumilii maji, kwa hiyo picha hizi ni za sebuleni tu.

Meza niliiweka kabla ya wapaka hina hawajaanza. Waliochelewa walikuta mikono imeshapakwa. Bibi yetu ndiye wa kwanza: mikono yote miwili mibichi, akaagiza kwa kidevu, "Hapo, mwanangu. Hapana, hapo kwenye kona," na mjukuu akambandikia.

Kuna jambo nililolipangia tangu mwanzo. Mgongo wa kigae hauna ung'avu, penseli inaandika vizuri. Niliwaambia wageni waandike watakacho kabla ya kutia gundi, na hakuna atakayekisoma tena. Kelele zilipungua. Mmoja aliandika aya nzima kwa herufi ndogo za Kiarabu. Somo wa bibi harusi aliziba kigae chake kwa kiganja hadi alipokibandika. Bibi aliniita pembeni, akaniomba nimwandikie jina la dada yake marehemu, yule aliyemlea mama wa bibi harusi. Nililiandika, nikalibandika alipoelekeza, kwenye kona.

Barazani

Ubao wa pili aliusimamia mpwa wangu baada ya nikahi. Wanaume walibandika haraka, na safu zao zimeyumba. Wapo walionishauri nizing'oe na kuzinyoosha. Sitagusa hata moja. Mji wangu umenyooka. Pindo lao na libaki na mikono yao.

Grauti

Kwa unyevu wa hapa saa 24 hazinitoshi, nimeiacha gundi ikauke zaidi. Nimechagua grauti, ile saruji laini ya kujazia nafasi kati ya vigae, ya kijivu iliyokolea, kwa sababu nyeupe huzifubaza rangi. Nimeikoroga ikawa kama uji mzito, nikaisukuma kwa mshazari ili isichimbuliwe kwenye nafasi, nikasubiri kama dakika 20, kisha sponji yenye maji kidogo sana. Ukungu uliobaki juu umetoka kwa kitambaa kikavu. Baadaye nimefunika kwa nailoni, kwani saruji hutaka kukomaa na unyevu wake.

Sasa zipo kwa seremala, anazitengenezea fremu za mninga. Kila moja ina kilo 16 hivi bila fremu, kwa hiyo kamba na msumari hapana. Nimeagiza vyuma vinne nyuma na skrubu ndefu zenye plagi. Wa wanawake unakwenda kwa maharusi, wa wanaume kwa da mkubwa, na ukuta wake nimeshaupima.