Jumba zima, kampuni moja ya intaneti

Jumba ninaloishi huku Bamburi lina kampuni moja tu ya intaneti. Sanduku lake limepigiliwa ukutani karibu na mita za stima, na nyaya zapanda kutoka hapo hadi kila nyumba. Jirani yangu anayefundisha watoto kwa video alitaka kuhamia kampuni nyingine, ambayo waya wake umeshafika kwenye nguzo nje ya geti. Mwenye nyumba akakataa, ana mkataba na hao wa kwanza. Basi mtandao ukikatika jioni, darasa linavunjika.

Linaniuma zaidi kwa kuwa hapa ni Mombasa. Kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ziliingia kwetu 2009, EASSy ikafuata 2010. Hiyo EASSy ilijengwa kwa mikopo ya taasisi za maendeleo, IFC ya Benki ya Dunia ikiwemo, na sharti likawa kwamba WIOCC, kampuni ya pamoja ya makampuni ya simu ya Afrika na mwenyehisa wake mkubwa, iwauzie watoa huduma wote kwa masharti ya haki. Baharini mlango uko wazi, kwenye ngazi za jumba langu umefungwa!

Wamarekani waligombana juu ya jambo hili hili. Jiji la Portland lilitaka AT&T ifungulie washindani kebo zake za televisheni; mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema jiji halina mamlaka hayo. Kisha kampuni ndogo ya intaneti ya California, Brand X, iliyotaka kupitisha huduma yake kwenye kebo za wengine, ikafika Mahakama ya Juu na kushindwa 2005, majaji 6 kwa 3. Serikali ilikuwa imeiita intaneti ya kebo huduma ya taarifa, si ya mawasiliano kama simu, kwa hiyo wajibu wa kampuni za simu wa kubeba data ya washindani haukuigusa. Jaji Scalia alipinga: duka la piza likikuletea piza hadi mlangoni, litadaije kwamba halitoi huduma ya kupeleka? Kebo nayo ndiyo huleta intaneti mlangoni. Mimi niko naye.

Wenye kebo hujitetea kwamba waya wa simu kila nyumba ina wake, ilhali kebo hutumiwa na mtaa mzima, huwezi kumkatia mshindani kipande. Ni kweli, lakini hakuna anayedai kipande. Mwenye kebo anabeba data ya mteja hadi kituo cha makutano, anaikabidhi kwa kampuni aliyoichagua mteja, na analipwa. Kanada wanafanya hivyo, na bei ya jumla inapangwa na mdhibiti wao, CRTC. Aliyefukia waya alitumia pesa zake, na ni haki zirudi. Ninachokataa ni yeye kunichagulia.

Mkataba wa jumba letu unaisha Disemba. Wapangaji tunamwandikia mwenye nyumba barua asiufanye tena wa kampuni moja, nakala iende kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ukiwa Nyali, Likoni au Mtwapa na umefungwa kwa mkataba kama huu, niandikie hapa chini mkataba wenu unasemaje, tuuambatanishe na barua yetu.