Ndoo mbili za lager: ya Plzeň na ya mahindi

Jumapili. Ndoo zote mbili za lager, yaani bia inayochachia kwenye baridi, zimeshaingia kwenye friji la zamani, kipimajoto kinasoma 10. Moja ni pilsner ya Kicheki, nyingine ni lager ya Kimarekani ya kabla pombe haijapigwa marufuku kule mwaka 1920. Hamira ni ile ile, na maji ni ya chupa yasiyo na chumvichumvi, maana maji ya Plzeň, mji wa Kicheki ilikozaliwa pilsner, ni laini mno. Nataka kujua bia za Ulaya na za Marekani zinaachana njia wapi hasa.

Ya Kicheki ndiyo iliyonitoa jasho. Unachota sehemu ya uji wa kimea, unauchemsha kwenye sufuria ya pembeni huku ukikoroga usishike chini, kisha unaurudisha ili chombo kizima kipande joto. Kiwanda cha Pilsner Urquell cha Plzeň hufanya hivyo mara tatu. Mimi niliishia mbili, mkono umeshakufa ganzi. Lakini uji uliotoka mweupe ulirudi na rangi ya ganda la mkate, na nyumba nzima ikanukia mkate.

Ikaja zamu ya Marekani. Chenga za mahindi nilizichemsha pembeni pamoja na kimea kidogo hadi zikawa ugali mwepesi, nikazimimina juu ya kimea kilichobaki, joto likapanda hadi 66. Nikacheka peke yangu: si ni kitendo kile kile! Na si ajabu. Mmoja wa waliowafundisha Wamarekani njia hii ni Anton Schwarz, mzaliwa wa Bohemia, huko huko kwa Wacheki, aliyehamia Marekani mwaka 1868. Shayiri ya Marekani ya safu sita ilikuwa na protini nyingi, bia ikawa na ukungu; mahindi na mchele viliipunguza hiyo protini. Wanaodai ni ubahili mtupu wanawaonea wazee wale. Viwanda vilivyokuja kuzidisha baadaye, hao siwatetei.

Sheria ya Bavaria, Ujerumani, ya 1516, ya shayiri, hopsi (maua yanayotia bia uchungu na harufu) na maji tu, isingeyakubali mahindi. Aliyeona busaa, pombe yetu ya kienyeji, ikipikwa hawezi kushangaa: kimea cha wimbi huvunja wanga wa mahindi vivyo hivyo.

Haidromita, kipimo cha sukari iliyomo kabla ya kuchacha: 1.048 ya Kicheki, 1.050 ya mahindi. Karibu sawa.

Kwa hiyo nimeanza kuamini kwamba mpasuko wenyewe uko kwenye hopsi, tena ni wa juzijuzi. Saaz, hopsi ya Kicheki niliyotia kwenye ndoo ya pilsner, ni pole, inanukia majani na viungo kwa mbali. Cascade, hopsi ya Marekani iliyotolewa Oregon mwaka 1972, inanukia balungi waziwazi, ingawa ina damu ya Fuggle, hopsi ya Uingereza. Sierra Nevada, kiwanda cha bia cha California, waliijengea Pale Ale yao, bia ya kuchachia kwenye joto la kawaida, mwaka 1980, na ladha ya Marekani ikageuka.

Ndoo ya tatu itakuwa hiyo: kimea kitupu, Cascade nyingi mwishoni mwa kuchemsha, na konzi nyingine ndani ya ndoo povu likishatulia. Friji haihitaji, nyuzi 18 za stoo zinaitosha. Hizi mbili nazishusha karibu na sifuri zikimaliza kuchacha, na sionji mpaka zitulie.