Kumkusanya Tololwa Mollel kwenye rafu za maktaba

Mtoto amemaliza My Rows and Piles of Coins, anarudi kaunta anataka "kingine cha huyuhuyu". Anaonyeshwa rafu ya vitabu vya picha, herufi M. Pale anamkuta Big Boy, labda na Kele's Secret. Anavichukua na kuondoka akiamini amemmaliza Tololwa Mollel. Hajammaliza. Sehemu kubwa ya vitabu vya mwandishi huyu iko upande wa pili wa chumba, kwenye 398.2, namba ya ngano, imechanganyika na ngano za dunia nzima.

Hapo hakuna aliyekosea. Dewey, mfumo wa namba za kupanga vitabu maktabani, ndivyo unavyopanga. Hadithi ya kutungwa inakwenda kwenye vitabu vya picha, ambako maktaba nyingi hubandika E, alama ya vitabu vya picha, na herufi tatu za jina la ukoo: E MOL. Ngano inayosimuliwa upya huhesabiwa kuwa ya jamii iliyoizaa, kwa hiyo inapewa 398.2 hata kama lugha na mapigo yake yote ni ya mwandishi mmoja. Mollel alizaliwa Arusha mwaka 1952, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuhamia Kanada, na ameandika za aina zote mbili. The Orphan Boy ni ngano ya Kimaasai juu ya Kileken, yaani Zuhura: alfajiri yuko juu kuwapeleka ng'ombe malishoni, jioni yuko tena wakati wa kukamua. Rhinos for Lunch and Elephants for Supper nayo ya Kimaasai. The Princess Who Lost Her Hair ni ya Wakamba, Ananse's Feast ya Waashanti, The Flying Tortoise ya Waigbo. Ukiviacha vijipange vyenyewe, kila kimoja kinakwenda kwao.

Wengine hutatua hili kwa kuvihamishia vyote kwenye E MOL. Mimi sipendi njia hiyo. Mwalimu anayekuja kutafuta ngano za Kimaasai ataikosa The Orphan Boy, na ndicho kitabu alichokuwa anakihitaji kuliko vyote. Afadhali rafu ibaki ilivyo, kazi ya kuunganisha ifanywe na katalogi pamoja na kibao kidogo cha kadi ngumu kinachosimama mwishoni mwa safu ya E MOL: "Mollel anaendelea kwenye 398.2 MOL." Kipande cha sentimita 10 kwa 20 kinatosha. Na kule 398.2 weka kingine kinachorudisha huku.

Hapo tayari kuna mtego. Rekodi mnazonakili kutoka maktaba kubwa za Marekani zinaweza kuja na namba yenye mkia mrefu, na ngano za wanyama zimo nyingine zilizowekwa 398.24 na kuendelea. Ukichapa lebo kama zilivyokuja, sungura na kobe wa Mollel watakaa mbali na Kileken wake. Kwa maktaba ya shule yenye vitabu elfu mbili tatu, kata zote ziwe 398.2, kisha MOL. Mikia ni ya maktaba zenye ngano za kujaza chumba.

Kwenye Koha au programu nyingine ya maktaba inayotumia MARC, muundo unaogawa rekodi ya kitabu katika sehemu zenye namba ziitwazo uga, angalia mambo machache kabla ya kuhifadhi rekodi. Uga wa 100 uwe Mollel, Tololwa M., kwa umbo hilohilo kila mara. Rekodi moja ikisema "Tololwa, Mollel" utakuwa na waandishi wawili, na mtoto anayebofya jina ataletewa nusu ya vitabu. Kwenye uga wa 245, kiashiria cha pili kinaiambia programu iruke herufi ngapi za mwanzo, pamoja na nafasi inayofuata, katika kupanga: The Orphan Boy ni 4, A Promise to the Sun ni 2, Subira Subira ni 0. Ukiacha 0 kila mahali, nusu ya maktaba yako itapangwa chini ya T. Uga wa 700 ni wa mchoraji. Usiuruke, nitaeleza kwa nini. Na kwa jina la jamii, utakuta rekodi nyingine zina Masai na nyingine Maasai. Chagua Maasai, halafu uweke rejeo kutoka ile tahajia nyingine.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, nayo ina vituko vyake. Vitabu vya miaka ya 1990 vina ISBN ya tarakimu 10. Watu hutanguliza 978 mbele yake na kudhani wamepata ya tarakimu 13. Hawajapata: tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na lazima ikokotolewe upya, la sivyo programu itaikataa, au utafutaji utarudi mikono mitupu. Tena hadithi ileile inaweza kuwa na toleo la Kanada na la Marekani, kila moja na namba yake. Kabla ya kusema kitabu hakimo, tafuta pia kwa jina la mwandishi.

Sasa tuzo, maana ndizo zinazowafanya watu waulizie vitabu hivi, na ndizo zinazoandikwa ovyo kuliko kitu kingine chochote. The Orphan Boy ilipata Tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada mwaka 1990, lakini tuzo hiyo ilikuwa ya uchoraji na aliyeipokea ni mchoraji, Paul Morin. My Rows and Piles of Coins ilitajwa mwaka 2000 katika tuzo za Marekani za Coretta Scott King, upande wa wachoraji, kwa rangi za maji za E. B. Lewis, tena ni nafasi ya heshima, ile inayomfuata mshindi. Ukiandika kwenye bango "mshindi wa tuzo hii" bila kusema nani na kwa lipi, umemnyang'anya Morin na Lewis haki yao, na Mollel humwongezei kitu. Maneno ni yake, na picha zimechorwa juu ya maneno hayo. Tuzo inakaa uga wa 586, kila tuzo na uga wake, pamoja na mwaka na kundi. Mchoraji akiwa kwenye 700, anayempenda Lewis ataipata Big Boy pia, kwa sababu naye ndiye aliyeichora.

Vitabu hivi vikija na jalada la karatasi la juu, lile linaloweza kuvuliwa, usilitupe. Kwenye mikunjo yake ya ndani mara nyingi kuna maelezo ya hadithi, ya mwandishi na ya mchoraji. Livalishe plastiki, kisha hakikisha lebo ya mgongoni na bakodi havifuniki picha. Kwa kitabu chembamba cha kurasa 32, mgongo haubebi lebo ya kawaida. Ibandike kona ya chini kushoto ya jalada la mbele.

Kinachoanza kufa ni pale jalada linapokunjia. Usikimbilie selotepu: inageuka njano, gundi yake inavuja na kushika kurasa. Simamisha kitabu, fungua majalada kidogo, chovya sindano ya kufumia kwenye gundi ya PVA, ile nyeupe ya maji, na uizungushe ndani ya uwazi kati ya mgongo na kurasa, juu na chini. Gundi iwe kidogo. Ikizidi inatoka na kuunganisha karatasi ya kwanza na jalada. Tia karatasi ya nta kila upande, funga, weka uzito, acha mpaka kesho yake.

Jambo la mwisho ni la kusoma kwa sauti. Saruni, kijana wa kitabu cha sarafu, anaweka akiba ili anunue baiskeli ya kumsaidia mama yake kubeba mizigo ya soko, na anazipanga senti zake za kumi mafungu mafungu. Watoto wa leo hawajawahi kuishika senti kumi, kwa hiyo hesabu inawapita. Ile ya zamani ya Afrika Mashariki ilikuwa na tundu katikati, na dukani kwa vifaa vya ujenzi kuna washa, vile vyuma vya duara vyenye tundu vinavyovalishwa boliti, zinazofanana nayo. Chukua za saizi moja. Vizibo vya soda havifai, fungu la kumi linaanguka. Saruni anakwenda dukani na shilingi 30 na senti 50, na hapo wape watoto kazi: mafungu 30 ya washa kumikumi, na tano pembeni. Washa hizo 305 zigawe kwa makundi matano ya darasa, kila kundi mafungu sita, na zile tano apewe mtoto mmoja azishike mpaka ukurasa wa dukani ufike.