Kambi Chini ya Bwawa la Gavins Point

Barabara inayotoka Sioux Falls kuelekea Yankton, katika jimbo la South Dakota, hupita katikati ya mahindi na soya mwendo mrefu, bila mlima wala msitu. Anayetaka kuiona prairi yenyewe, yaani zile nyasi ndefu zilizoifunika nchi hii kabla ya kuja kwa majembe ya chuma, hana budi kutafuta vipande vichache vilivyosalia au vilivyooteshwa upya. Kwa sababu hiyo tulipofunga safari mwezi Julai kwenda kupiga kambi kando ya Mto Missouri, sisi pamoja na familia rafiki yenye asili ya Uvira, mashariki mwa Kongo, tulikubaliana kuiacha njia kuu kwanza ili tukipande kilima cha Spirit Mound, kaskazini ya mji wa Vermillion.

Kilima hicho hakizidi sana mita 20 kutoka usawa wa uwanda unaokizunguka, lakini kwa kuwa nchi yote ni tambarare, aliye juu huona mbali sana pande zote. Wenyeji wa asili walikiogopa, wakiamini kwamba kimekaliwa na viumbe wafupi wenye vichwa vikubwa na mishale mikali. Tarehe 25 Agosti 1804, Lewis na Clark, waliokuwa wametumwa na Rais Thomas Jefferson kuichunguza nchi hadi Bahari ya Pasifiki, walikipanda katika joto kali na kutoka kileleni wakaona makundi makubwa ya baisani, yaani nyati wa Amerika, wakila nyasi. Mtu niliyemfikiria zaidi pale juu ni York, mtu mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa wa Clark, ambaye shajara ya bwana wake inaeleza jinsi joto, kiu na uchovu vilivyomlemea siku hiyo. York alifika Pasifiki na kurudi bila kulipwa ujira wowote, na waliporejea hakupewa uhuru wake. Naona anastahili nafasi kubwa zaidi katika masimulizi ya mto huu kuliko anayopewa, na niliwaeleza watoto habari zake tukiwa tumesimama katika nyasi zilizowapita kimo.

Jioni tulifika Chief White Crane, eneo la mapumziko lililo chini kidogo ya ukuta wa Bwawa la Gavins Point, magharibi ya Yankton. Nafasi za kambi katika hifadhi za jimbo huweza kuwekwa siku 90 kabla, na za mwishoni mwa juma la kiangazi hujaa mapema, kwa hiyo asiyejipanga atapata taabu. Kila nafasi ina meza, umeme na pete ya chuma ya kuwashia moto. Kuni ni bora kununua huko huko: mbawakawa wa kijani anayeangamiza miti ya eshi, ambaye aligunduliwa Sioux Falls mwaka 2018, husafiri ndani ya kuni, na sisi tunaotoka huko tunapaswa kulizingatia jambo hilo kuliko wengine.

Tulisimamisha mahema chini ya miti ya kotonwudi. Ni miti mikubwa ya jamii ya poplari, yenye magome yaliyopasuka kwa kina, na vikonyo vya majani yake ni bapa, hivyo hata upepo mdogo huyatikisa yakavuma kama mvua. Usiku mtoto mmoja alitoka hemani kuanua nguo akidhani mvua imeanza kunyesha.

Asubuhi, Koko, bibi wa familia ile, aliutazama mto kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mutoto wangu, muto mukubwa hivi, mbona umenyamaza?" Yeye ametoka mji ambao mwaka 2020 mafuriko yalibomoa nyumba nyingi, na alitarajia mto mkubwa uwe na hasira. Nilimweleza kwamba umenyamazishwa. Sheria ya mwaka 1944 iliidhinisha mfululizo wa mabwawa katika Missouri kwa ajili ya kuzuia mafuriko, kuzalisha umeme na kusaidia usafiri wa majini. Gavins Point, lililokamilika mwaka 1957, ndilo la mwisho kabla maji hayajaelekea Sioux City. Maeneo mengi ya kupiga kambi kando ya mto huu yalizaliwa na mabwawa hayo. Lakini nyuma ya Bwawa la Fort Randall, juu zaidi ya tulipokuwa, kijiji cha White Swan cha watu wa Yankton Sioux kilizamishwa majini, na wakazi wake wakalazimika kuhama. Koko alitikisa kichwa, akauliza kama walilipwa. Nilimjibu kwamba malipo yalikuwapo, lakini hayakulingana na walichopoteza.

Kivuli tulichokifurahia ni urithi wa mto wa zamani. Mbegu ya kotonwudi huhitaji mchanga mtupu wenye unyevu, ambao huachwa na mafuriko yanapopungua, na mabwawa yalipoyazuia mafuriko, miti mipya ikawa michache huku mikubwa ikizeeka. Mwaka 2011 theluji na mvua nyingi zilizidi uwezo wa mabwawa, hata Gavins Point likafunguliwa maji yapatayo mita za ujazo 4,500 kwa sekunde. Mashamba na nyumba ziliharibika, na hasara ile si ya kupuuzwa. Hata hivyo maji yalipotulia yalikuwa yamejenga mafungu mapya ya mchanga.

Tulikodi kayaki, tukavaa maboya, tukashuka na mkondo katika sehemu ya mto inayoanza karibu na bwawa hadi Ponca, Nebraska, yapata kilomita 95, ambayo imelindwa na sheria ya taifa tangu mwaka 1978. Hapo mto bado una mafungu, vijito vya kando na kingo zinazomomonyoka. Baadhi ya mafungu yana vibao vya kukataza watu kuteremka, kwa kuwa buabua wadogo na ndege wengine wa ufukweni hutaga mayai yao juu ya mchanga wazi. Tulipumzika penye ruhusa, tukaona kichaka cha kotonwudi changa zilizosongamana ukingoni.

Siku ya kurudi tuliingia katika kituo cha kuzalisha samaki kilicho karibu na bwawa, ambako hulelewa matangini sturjeni aliyepauka (pallid sturgeon), samaki wa kale ambaye tangu mwaka 1990 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Mimi naunga mkono wanaotaka bwawa liachie maji zaidi baadhi ya majira ya kuchipua, kwa kipimo ambacho wakulima walio upande wa chini wa mto wameshirikishwa kukipanga na wakahakikishiwa fidia, kwa sababu matangi peke yake hayataweza kumrudishia samaki huyu mto wa kuzalia.