Asali ya wifi na lebo yenye limao

Ukitaka kujua biashara ya asali Dar ilivyojaa, ingia Instagram uandike "asali mbichi". Zote ni za Tabora, zote ni asilimia mia, zote hazijachakachuliwa. Hata zilizochakachuliwa.

Katika msururu huo yumo wifi yangu, na bahati mbaya yake ni kwamba asali yake ni ya Tabora kweli. Mjomba wao anarina huko Sikonge, anaipakia kwenye basi ndani ya madumu ya lita 20, wifi anaipokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Dumu la lita 20 likijaa asali linafika kilo 28 hivi. Wapagazi wa stendi wanalijua hilo, ndiyo maana bei yao hupanda kabla hujafungua mdomo.

Wifi aliniita kwa kuwa kazi yangu ni matangazo. "Wifi, wewe unawatangazia matajiri kila siku, mimi je?" Nikamwambia alete chupa niione. Lebo ilikuwa ya njano, maandishi ya Kiingereza, pembeni limao lililokatwa na kile kijiti cha mbao chenye mifereji cha kuchovya asali. Kijiti hicho sijawahi kukiona Tabora. Nikamuuliza wifi mjomba anarinaje, akaniambia bado ana mizinga ya magome, anaitundika juu kabisa kwenye miti ya mtundu, na huwafukuza nyuki kwa moshi usiku. Haya yote kwenye lebo hayamo. Limao limo.

Chini ya limao kulikuwa na orodha: hutibu kisukari, vidonda vya tumbo, presha, nguvu za kiume. Nikasema hii tunaifuta. Wifi akacheka, kisha akaona sicheki. "Wifi, hiyo ya mwisho ndiyo inayouza!" Huenda ni kweli. Lakini mwenye kisukari akinunua asali kama dawa anakunywa sukari, na mtu akizidiwa jina litakalotajwa msibani si la nyuki. Tulivutana sana kwa hiyo, shemeji yenu akahama sebule. Ikafutwa.

Kilichonivutia zaidi kilikuwa kwenye simu yake. Mteja wa Iringa alimtumia picha ya chupa iliyoganda, nyeupe kama samli, na ujumbe wa sauti ambao sitaurudia hapa. Kwa kifupi: umeniuzia sukari guru. Wifi alikuwa amemrudishia hela yote na kuomba radhi. Kuomba radhi ya nini? Asali halisi huganda. Ina sukari nyingi kuliko maji yake yanavyoweza kuiyeyusha, na glukosi ndiyo hujitenga kwanza ikafanya chembechembe. Kwenye baridi inakwenda upesi zaidi, na Iringa baridi si ya kuuliza. Asali nyingine huchukua wiki, nyingine miezi, kutegemea maua. Dawa yake ni kuiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, siyo kuichemsha jikoni.

Watu wetu wamefundishwa kinyume. Wanachovya njiti ya kiberiti waone kama itawaka, wanadondoshea asali kwenye maji, wanaapa kwamba sisimizi hawagusi asali ya kweli. Sisimizi wa nyumbani kwangu hawajapata taarifa hiyo. Vipimo vyote hivyo asali ya uongo inaweza kuvifaulu, na ya kweli ikafeli.

Hapo nikaona pa kusimama. Kila muuzaji anaapa kwamba yake haigandi, basi sisi tuandike mbele ya chupa, kwa herufi kubwa: ASALI HII ITAGANDA. Chini yake kwa herufi ndogo, kwa nini inaganda na uifanye nini. Wifi alinitazama kama niliyepandwa na pepo. Mumewe akauliza kama nimetumwa na washindani. Lakini fikiria mteja aliyeinunua Juni, ikaganda Julai. Badala ya kukupigia kukutukana, anasema, si aliniambia? Na ile chupa nyingine kabatini mwake, aliyoapiwa haigandi, ndiyo anayoanza kuitilia shaka.

Mbele ya lebo tukaweka pia Sikonge, mwezi wa kurina, na jina fupi tu: Ya Mjomba. Hili la jina nilikuwa nalo kichwani siku nyingi kwa sababu ya kanga. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililofunguliwa 1887, alichapisha kwenye kanga zake "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Wauza kanga walikuwa tele, ila ile ilikuwa na mwenyewe. Bibi zetu wengine wasiojua kusoma waliyatambua maandishi yale kwa umbo lake tu, wakayaulizia dukani.

Kulikuwa na mstari mmoja tena, nao wifi aliukataa mara ya kwanza: asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu, la mtoto mchanga haliwezi, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mwambie hivyo mama mkwe aliyewalambisha watoto wake wote asali siku ya kwanza! Wifi alihofia kina mama wangekimbia. Kilichotokea ni kwamba mteja wake mmoja, nesi, aliipiga picha nyuma ya chupa akaiweka status. Oda zilizotoka kwenye picha hiyo zilizidi za tangazo tulilolilipia.

Bei nayo ilihitaji kunyooshwa. Wengine wanauza kwa lita, wengine kwa kilo, mteja analinganisha namba bila kujua kwamba kilo moja ya asali ni kama mililita 700 tu. Kwa hiyo wa lita anaonekana mlanguzi. Sasa wifi anaandika vyote viwili, na anayeuliza "mbona wewe ghali?" anatumiwa hesabu, siyo maneno makali.

Hajatajirika. Bado anafuatilia barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ili aende TBS, shirika la viwango, na maduka makubwa hayakupokei bila nembo ya TBS, hata lebo yako iwe tamu vipi. Lakini ujumbe anaopata umebadilika. Zamani ilikuwa "bei gani?" na "punguza". Siku hizi watu wanauliza mjomba atarina lini, na mmoja alilalamika kwamba yake haijaganda mpaka leo, akataka maelezo.

Tunachobishania sasa ni chupa. Mimi nataka za kioo, wifi anasema bodaboda wa Tabata watazivunja zote kabla ya Ijumaa, na hesabu ya kioo haikai vizuri kwenye bei ya sasa. Tumekubaliana kusubiri mavuno ya Juni. Kwa sasa plastiki inaendelea, na anayerudisha chupa tupu iliyooshwa anapunguziwa shilingi 500.