Kesi ya mafuta ya mbegu: ini limejibu, utumbo bado

Mazungumzo kuhusu chakula na uzito yakishika kasi, hakosekani mtu wa kusema kwamba chanzo cha unene, kisukari na matumbo yanayosumbua ni mafuta ya mbegu: soya, alizeti, mahindi, pamba, kanola na mengine ya jamii hiyo. Nimelisoma dai hili mara nyingi, kutoka kwa wataalamu na kutoka kwa wauza hofu wa mitandaoni, na kinachonisumbua ni namna mashtaka mawili tofauti yanavyosomwa kana kwamba ni moja. Shtaka la kwanza ni kwamba mafuta haya huvuruga umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia na kuhifadhi nishati. La pili ni kwamba huharibu utumbo pamoja na jamii ya bakteria wanaoishi humo. Ushahidi wa shtaka la kwanza na ule wa la pili hautoshani uzito, na ndiyo maana napendelea kuyasikiliza moja baada ya jingine.

Anayelaumiwa hasa ni asidi ya linoleiki, iliyo katika kundi la asidi za mafuta liitwalo omega-6. Kiasi chake hutofautiana sana kati ya mafuta na mafuta. Alizeti ya kawaida ina asilimia 60 hivi, mafuta ya mahindi, soya na pamba huzunguka kwenye 50 na kitu, ilhali kanola ina kama 20. Mawese na zeituni, ambayo hukamuliwa kutoka kwenye nyama ya tunda, huwa na takriban 10, na nazi ina 2 tu. Isitoshe, siku hizi zipo alizeti zilizozalishwa mahususi ili mafuta yake yawe na asidi ya oleiki, ile iliyo kuu katika zeituni, kwa wingi, na linoleiki ndani yake hushuka mno kiasi kwamba kikemia mafuta hayo hukaribiana zaidi na zeituni kuliko na alizeti mwenzake. Mtu akiyahukumu mafuta yote ya mbegu kwa pamoja bila kutaja aina, basi amekwisha kukosea kabla hajafika kwenye ushahidi.

Linoleiki yenyewe ni kirutubishi ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Jambo hilo lilidhihirishwa mwaka 1929 na 1930 na George Burr na mkewe Mildred, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, walipowalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa: panya hao walidumaa, ngozi zao zikawa na magamba, figo zikaharibika, na asidi hiyo iliporudishwa katika mlo wakapata nafuu. Hata hivyo, kiasi kinachohitajika kuzuia upungufu ni kidogo, kama asilimia 1 au 2 ya nishati yote tunayokula. Nchini Marekani makadirio yanaonyesha kwamba linoleiki ilipanda kutoka asilimia 2.8 hivi ya nishati mwaka 1909 hadi 7.2 mwaka 1999, na katika mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi za Wamarekani, sehemu ya asidi hiyo ilipanda kutoka asilimia 9 hivi hadi zaidi ya 21 kati ya mwaka 1959 na 2008. Kwangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote walizo nazo wanaoyalaumu mafuta haya, kwa sababu mabadiliko ya ukubwa huo yameingia ndani ya tishu za watu, na hayatoki upesi: nusu ya linoleiki iliyohifadhiwa mwilini huchukua karibu miaka miwili kubadilishwa. Ila kupanda kwa kitu si ushahidi kwamba kitu hicho ndicho kilichosababisha yote yaliyopanda pamoja nacho.

Hapo ndipo inapoletwa hoja ya kibiokemia. Linoleiki hugeuzwa mwilini kuwa asidi ya arakidoniki, na arakidoniki ndiyo malighafi ya baadhi ya kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani (inflamesheni, si uvimbe wa saratani), kwa hiyo inadhaniwa kwamba kula linoleiki zaidi ni kuuwasha mwili moto zaidi. Mnyororo huu ni wa kweli kwa kila pingili yake, lakini mwili umeuwekea breki. Ubadilishaji huo unadhibitiwa kwa ukali, hivi kwamba watu wanapoongezewa linoleiki katika mlo, kiwango cha arakidoniki katika damu na tishu zao hubaki karibu pale pale, na majaribio ya kitabibu yaliyopima vipimo vya uvimbe, kwa mfano protini inayoitwa CRP, kwa jumla hayakuona kupanda. Zaidi ya hayo, arakidoniki hiyo hiyo ni malighafi ya kemikali nyingine zinazotuliza uvimbe, sehemu ya hadithi ambayo washtaki huisahau.

Tukija kwenye umetaboli wenyewe, jaribio ninalolipenda kuliko mengine lilifanywa Uppsala, Uswidi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Vijana 39 wenye uzito wa kawaida walipewa keki ndogo za kula kila siku kwa wiki saba, juu ya chakula chao cha kawaida, kwa makusudi ya kuwanenepesha kidogo. Nusu walikula keki zilizotengenezwa kwa mafuta ya mawese, ambayo yana mafuta mengi yaliyoshiba (aina inayoganda, kama ya siagi), na nusu wakala zilizotengenezwa kwa alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka kilo 1.6 kwa wastani. Kama linoleiki ingekuwa sumu ya umetaboli inayodaiwa, kundi la alizeti ndilo lingepaswa kuumia. Lililotokea ni kinyume chake: waliokula mawese walirundika mafuta zaidi kwenye ini na kuzunguka viungo vya ndani ya tumbo, ilhali kwa waliokula alizeti sehemu kubwa zaidi ya uzito mpya ilikuwa ya tishu zisizo mafuta. Watafiti wa huko huko walikwisha kuona mwaka 2012, kwa watu wenye vitambi, kwamba mlo wenye mafuta ya omega-6 ulipunguza mafuta ya ini ukilinganishwa na mlo wenye siagi, na mwaka 2019 wakarudia jaribio la kunenepesha kwa watu wenye uzito uliozidi na kupata jibu linaloelekea upande ule ule. Naliamini kundi hili la majaribio kuliko hoja za mnyororo wa kemikali, kwa kuwa ini lilipimwa moja kwa moja kwa mashine, wala hakuna aliyetegemea kumbukumbu ya mtu kuhusu alichokula.

Tafiti za ufuatiliaji zinaelekea huko huko. Mwaka 2017 zilikusanywa tafiti 20 zenye watu 39,740 ambao linoleiki ilipimwa ndani ya damu au tishu zao. Waliokuwa nayo kwa wingi walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyo ndogo kwa asilimia 35 hivi kuliko waliokuwa nayo kidogo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kisababishi, nakubali, lakini ni vigumu kuuoanisha na dai kwamba linoleiki ndiyo inayozalisha kisukari.

Haki inanitaka nitaje pia majaribio mawili ya zamani ambayo upande wa mashtaka huyashika kwa mikono miwili. Kule Sydney, kati ya mwaka 1966 na 1973, wanaume 458 waliokuwa wamepata tatizo la moyo waligawanywa kwa bahati nasibu, na kundi moja likaambiwa libadilishe mafuta yaliyoshiba kwa mafuta ya safulawa, mmea wa mbegu zenye linoleiki nyingi, na majarini yake. Data hizo zilipochambuliwa upya mwaka 2013, ilionekana kwamba katika kundi hilo walikufa asilimia 17.6, na katika kundi la kulinganisha asilimia 11.8. Kule Minnesota, kati ya mwaka 1968 na 1973, wagonjwa zaidi ya 9,000 katika hospitali za magonjwa ya akili na nyumba moja ya kutunzia wazee walihusishwa katika jaribio la mafuta ya mahindi. Uchambuzi mpya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kolesteroli ilishuka lakini vifo havikupungua. Matokeo haya si ya kutupwa. Yanatuambia kwamba linoleiki ikifikishwa kwenye asilimia 13 au 15 ya nishati, peke yake, bila omega-3 (kundi jingine la asidi za mafuta) kuandamana nayo, faida iliyoahidiwa huenda isionekane. Lakini majarini ya enzi hizo yangeweza kuwa na mafuta yaliyogeuzwa kwa haidrojeni, ambayo leo yanajulikana kuumiza moyo, na wagonjwa wengi wa Minnesota walikaa kwenye jaribio kwa muda mfupi tu. Tena yote mawili yalichunguza moyo na vifo. Hayasemi mengi juu ya sukari ya damu wala ini.

Kwa utumbo, naona mambo yamekaa vingine.

Kwanza ieleweke kwamba mafuta mengi tunayokula hayafiki utumbo mpana. Nyongo huyavunja kuwa matone madogo, vimeng'enya vya kongosho huyakata, na kama asilimia 95 hufyonzwa ndani ya utumbo mwembamba. Kwa hiyo mafuta huathiri bakteria wa utumbo mpana kwa njia mbili: kile kidogo kinachoponyoka, ambacho huongezeka mlo ukiwa na mafuta mengi, na nyongo yenyewe, ambayo humwagwa kwa wingi zaidi na ambayo si kila bakteria anaivumilia. Baadhi ya bakteria hao hawaipokei linoleiki kimya kimya. Watafiti wa Kyoto, Japani, wameonyesha kwamba aina fulani za laktobasili huigeuza kuwa asidi nyingine, na kwamba asidi hiyo mpya iliwasaidia panya kutoa homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, inayosaidia kudhibiti sukari. Ni jambo zuri kulijua, kwa sababu linaonyesha kwamba linoleiki ile ile inaweza kuwa na matokeo tofauti kwa watu wawili kutegemea ni bakteria gani wanaishi matumboni mwao.

Upande wa madhara, kazi inayotajwa sana ni ya Chuo Kikuu cha California, Riverside, iliyochapishwa mwaka 2023. Panya waliolishwa mafuta ya soya kwa wingi kwa muda wa hadi wiki 24 walipoteza baadhi ya bakteria wazuri, na aina ya E. coli inayojishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kuupenya ikastawi, kwa vile inaweza kuitumia linoleiki kama chakula chake. Ukuta huo ulianza kuvuja na panya wakawa rahisi kupatwa na uvimbe wa utumbo mpana. Panya si mtu, na si busara kuhamisha matokeo hayo hadi kwenye sahani yako bila hatua ya kati. Lakini hatua ya kati ipo. Nchini China, vijana 217 wenye afya walipewa kwa miezi sita vyakula vyenye asilimia 20, 30 au 40 ya nishati kutoka kwenye mafuta, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya soya. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, kundi la asilimia 40 lilipungukiwa na bakteria aina ya Faecalibacterium, ambao hutengeneza butireti, asidi inayolisha chembe za ukuta wa utumbo mpana; asidi za mnyororo mfupi, ambazo butireti ni mojawapo, zilishuka kinyesini, na baadhi ya vipimo vya uvimbe katika damu vikapanda. Na mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Ulaya uliofuatilia watu zaidi ya 200,000, ambamo waliokula linoleiki nyingi zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili na nusu wa kupata ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ingawa wagonjwa wapya walikuwa 126 tu, na makadirio ya mlo yalitokana na dodoso.

Sitasema kwamba tafiti hizi tatu zinatosha kutoa hukumu. Ule wa China haukulinganisha soya na mafuta mengine, ulilinganisha mafuta mengi na machache, na mafuta yalipoongezwa wanga ulipunguzwa, hivyo hatuwezi kujua kwa yakini kama kosa ni la soya au la wingi wa mafuta yoyote. Lakini panya, jaribio na ufuatiliaji vyote vimenyooshea kidole upande mmoja, ule wa madhara, jambo ambalo kwa umetaboli halikutokea. Mtu anayedai kwamba hofu ya utumbo ni uzushi mtupu hajasoma, sawa na yule anayedai kwamba alizeti inanenepesha ini.

Liko jambo jingine linalochafua ushahidi wote, nalo ni vyakula vinavyoandamana na mafuta haya. Sehemu kubwa yake huliwa ndani ya vyakula vilivyokaangwa na vyakula vya viwandani vilivyosindikwa kupita kiasi. Mwaka 2019, katika jaribio la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, watu 20 waliokula vyakula vya namna hiyo kwa wiki mbili walijikuta wakila takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipokula vyakula visivyosindikwa, ingawa milo yote iliwekwa mezani ikiwa na mafuta, sukari na nyuzi zinazolingana. Mtu akiacha mafuta ya mbegu, mara nyingi huwa ameacha chipsi, biskuti na soseji kwa mpigo. Akipungua uzito na tumbo lake likatulia, namwamini kabisa. Nisichokubali ni kwamba amepata ushahidi dhidi ya linoleiki.

Kuhusu joto, hapa sina ubishi na washtaki. Linoleiki ina vifungo viwili maradufu kati ya atomi za mnyororo wake na hushambuliwa kirahisi na oksijeni, hasa mafuta yanapochemshwa kwa saa nyingi au kurudiwa siku baada ya siku, na zao lake ni aldehaidi ambazo ni sumu kwa chembe za mwili. Ndiyo sababu nchi kadhaa za Ulaya zimeweka ukomo wa asilimia 25 hivi wa misombo ya polari, yaani mazao ya kuharibika kwa mafuta, katika mafuta ya kukaangia; yakivuka hapo hutupwa. Kuunga mboga mara moja kwa kijiko cha alizeti ni jambo tofauti kabisa na kikaango kisichobadilishwa mafuta.

Kwa mtu mwenye afya ambaye anahofia kisukari au mafuta kwenye ini, sioni sababu ya kumwaga chupa ya alizeti na kuhamia kwenye siagi, na ushahidi wa Uppsala ungemshauri kinyume. Kijiko cha chakula cha mafuta yoyote kina kilokalori 120 hivi, kwa hiyo idadi ya vijiko ina uzito zaidi kuliko jina la mmea. Ila kwa mwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, au aliye na historia yake katika familia, ningemwambia azungumze na daktari wake na wakati huo huo achague kanola, zeituni au alizeti yenye oleiki nyingi, ambayo humpunguzia linoleiki bila kumrudisha kwenye mafuta yaliyoshiba, huku akizingatia kwamba bakteria watengenezao butireti huhitaji nyuzi za kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa kuliko wanavyohitaji chupa ya aina yoyote.